Milio Tisa Mlimani

28 Mei 1905

Stina mke wangu, uliniambia mwaka huu nisikuletee kitambaa wala sabuni ya harufu, nikuletee siku zangu. Ulisema barua zangu zina mistari mitatu tu: mimi mzima, kazi ngumu, msalimie mama. Basi nimenunua daftari hili kwa mchuuzi kule bondeni. Nilisoma miaka minne, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nachunga ng'ombe wa mwalimu, kwa hiyo usinicheke.

Tupo juu kabisa, mahali ambapo hakuna mti. Theluji ingali inafika kwenye madirisha ya bweni. Siku moja reli itapita hapa, na watu watakaa kwenye viti wakila mayai ya kuchemsha, wasijue kwamba kuna watu walilala hapa na buti miguuni. Nimepangiwa handaki fupi kando ya ziwa. Mwenzangu ni Torgeir, Mnorwe wa bonde la chini, umri miaka ishirini na sita, mrefu, na mdomo wake haufungi. Dada yake mkubwa, Gunvor, mjane, ndiye mpishi wetu. Asubuhi ya kwanza tu Torgeir aliniuliza kama Waswidi wote wanakoroma hivi au ni mimi peke yangu niliyepewa kipaji.

2 Juni

Theluji. Samaki wa chumvi.

4 Juni

Nikueleze kazi, ili uelewe nikiandika. Mmoja anashika mtaimbo wa kutoboa mwamba na kuuzungusha kidogo baada ya kila pigo, mwingine anapiga nyundo. Anayeshika hamtazami anayepiga. Anatazama ncha ya chuma. Akianza kumtazama mwenzake, ujue imani imekwisha. Torgeir hajanitazama hata mara moja.

Matundu yakitosha tunatia baruti, tunawasha tambi, tunakimbilia nyuma ya jiwe kubwa nje ya handaki. Hapo kuna desturi yao ambayo kwetu sikuiona. Lazima watu wawili wahesabu milio, kila mtu kimya kimya. Kila mlio, unatoa kijiwe mfuko wa kulia, unakitia wa kushoto. Kimya kikirudi, mmoja anauliza ngapi, mwingine anajibu, kisha vijiwe vinamwagwa chini vionekane. Wakitofautiana, hata kwa kimoja, haingii mtu mpaka nyapara atangulie na taa kutafuta tundu lililolala, yaani ambalo baruti yake haikulipuka. Torgeir anamjua mtu aliyeingia kwa hesabu yake peke yake. "Tulizika kofia," aliniambia. "Ndiyo iliyopatikana nzima." Kisha akaendelea kula uji.

11 Juni

Habari imepanda na farasi wa mikate, imechelewa siku nne. Bunge lao kule Kristiania limesema mfalme wetu si mfalme wao tena. Hakuna aliyepiga risasi. Wanorwe walisimama nje wakaimba, wengine wakalia, hata nyapara Hallvard, ambaye nilidhani macho yake yametengenezwa kwa mawe. Bendera imepandishwa juu ya mlingoti wa kuanikia nguo, ile safi, isiyo na alama yetu ya muungano kwenye kona. Sisi Waswidi saba tulibaki ndani tunakunywa kahawa kama watu waliokuja arusini bila mwaliko.

Torgeir aliingia, akanipa mkono.

"Pole, mzee. Tangu Jumatano wewe ni mgeni. Lakini mtaimbo ni ule ule."

20 Juni

Mvua. Jua halizami sawasawa, na mimi silali sawasawa.

6 Julai

Theluji inayeyuka, maji yanaingia handakini, tunafanya kazi tukiwa tumelowa hadi magotini. Moshi wa baruti unapasua kichwa. Gunvor ananipikia kahawa nzito, anaiweka mbele yangu bila kuulizwa. Anasema mume wake naye alikuwa na kichwa hicho. Nilimwogopa mwanzoni kwa ukali wake. Sasa naona ni mtu anayepima maneno kama anavyopima siagi.

19 Julai

Ukungu siku ya nne. Waswidi watatu wameondoka. Mtu amechora kwa chaki mlango wa choo, upande mmoja "Norwe", upande mwingine, ule wenye tundu lililovunjika, "Uswidi". Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini jioni kwenye meza mmoja wao alisema tutaondoka wote punde, na afadhali. Wanorwe wote walinyamaza, na Torgeir pia. Hilo ndilo nililoliona. Kesho yake nilikuta chaki imefutwa, na mkono wa koti la Torgeir ni mweupe. Hakusema, nami sikumshukuru. Nilikuwa bado nina hasira na ule ukimya wa mezani.

27 Julai

Mbu. Vidole vimepasuka.

4 Agosti

Watapiga kura tarehe kumi na tatu, kama watengane nasi au wasitengane. Wanaume tu. Gunvor alisikia kwamba wanawake wanakusanya majina yao wenyewe nchi nzima, wapate angalau kusema kwamba nao wapo. Akaja kwangu na karatasi tatu na unga mikononi.

"Wewe una mkono wa kunyoosha mstari," alisema. "Nichoree mistari ya majina."

Nikamwambia anamwomba Mswidi amsaidie kumfukuza Mswidi.

"Ndiyo. Tena inyooke."

Nilichora. Karatasi moja ilitosha, maana juu huku wanawake ni kumi na wawili tu, kuanzia wapishi hadi mke wa mhunzi. Mmoja wao hakujua kuandika. Gunvor alimshika mkono akauongoza kama anavyoshikwa mtu kizani. Nilitazama, Stina, nikakukumbuka wewe, na sikuwa na hasira kwa muda wa saa nzima.

12 Agosti

Wanorwe wote wameshuka kwenda kupiga kura. Kanisa ni mwendo wa nusu siku na zaidi. Torgeir amechukua karatasi ya dada yake, ameikunja ndani ya shati.

Tuligombana kabla hajaondoka. Matundu tisa yalikuwa tayari. Yeye alitaka tuyaache hadi Jumatatu. Nikamwuliza kama handaki nalo limejitenga na Uswidi. Hakucheka.

"Hesabu ya mtu mmoja si hesabu, mzee. Ngoja nirudi."

"Nahesabu milio tangu wewe unanyonya."

Alinitazama. Tangu tuanze kazi hakuwahi kunitazama vile. Kisha akafunga buti akaenda.

13 Agosti, Jumapili

Nimewasha leo saa kumi na moja jioni. Ningeweza kungoja, sikutaka. Nilitaka akirudi na furaha yake akute Mswidi amefanya kazi ya watu wawili. Nilijibanza nyuma ya jiwe, vijiwe tisa mfuko wa kulia. Mlima unarudisha sauti vibaya kwenye ukungu. Lakini nilipata tisa. Nilivimwaga chini nikavihesabu mara mbili. Tisa.

Walirudi wakati wa chakula. Parokia yao nzima haikupata "hapana" hata moja. Torgeir alikuja kunitafuta.

"Umewasha?"

"Nimewasha."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Tisa, basi," alisema, akaenda kula.

14 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa.

Asubuhi Torgeir aliamka mapema kuliko mimi. Kahawa yangu ilikuwa imeshamiminwa, na hakuimimina Gunvor. Njiani kwenda handakini alinionyesha mfukoni mwa koti chupa ya pombe ya viazi, kizibo bado kina nta. Aliibeba kutoka bondeni, nusu siku ya kupanda. "Hii ni yako," alisema. "Tutaifungua jioni. Juzi sikukuaga vizuri." Nikamjibu kwamba pombe ya Norwe inafaa kusafishia taa. Alicheka, akasema ndiyo maana amenunua kubwa. Mambo yakaisha hapo, Stina. Kule kwetu watu wanakaa miaka hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Yeye alimaliza kwa maneno matatu.

Tuliondoa mawe kwa saa moja. Mitaimbo ilikuwa butu, ikabidi mmoja aende kwa mhunzi. Ilikuwa zamu yake. Nilisema nitakwenda mimi, maana mgongo ulikuwa unauma nikataka kuunyoosha. Ndiyo sababu yote, mgongo. Nilimwacha anagongagonga ukuta na sururu, akiangusha mawe yaliyolegea, anapiga mluzi.

Nilikuwa mlangoni kwa mhunzi niliposikia. Mlio mmoja. Mhunzi aliinua kichwa, akasema leo mmewasha mapema. Nikasema hatujawasha.

Nilikimbia. Nilikuwa bado nimekumbatia mitaimbo, sikujua mpaka nilipoidondosha. Moshi ulikuwa unatoka polepole, mweupe. Alikuwa amelala chali, hatua nyingi kutoka ukutani. Sitakuandikia usoni palikuwaje. Mkono wa kulia ulikuwa mzima kabisa, na glavu yake. Koti lilikuwa linanuka pombe, chupa ilikuwa imevunjika ikamlowesha. Nilikaa nimeushika ule mkono mpaka wenzetu walipokuja.

Gunvor alifika na aproni. Hakupiga kelele. Alivua aproni akamfunika nayo, akaikunjia pembeni taratibu, kama anafunika mkate uumuke.

15 Agosti

Leo siandiki.

18 Agosti

Tumemzika bondeni. Njia yote ya kuingia kanisani ilikuwa imetandazwa matawi mabichi ya mreteni, kama ilivyo desturi ya mazishi, tukayakanyaga yakanuka. Nilibeba jeneza upande wa kushoto mbele. Kulikuwa na waliotaka Mswidi asibebe, Gunvor akasema atabeba.

Nyapara Hallvard ameshaandika kitabuni kwake. Ameandika kwamba marehemu alitoka kwenye sherehe za kura akiwa na pombe, akagonga ukuta bila uangalifu. Chupa ilikutwa, harufu iliwafikia wote. Tundu moja lilikuwa limelala, anasema, lakini mtu mwenye kichwa kizima angeliona. Aliniuliza hesabu. Nikasema tisa. Akauliza nilihesabu na nani. Nikasema Jumapili hapakuwa na mtu. Aliniangalia muda mrefu, kisha akafunga kitabu. Na yeye alijua nimewasha peke yangu, na asubuhi ile hakutuzuia kuingia. Nadhani kitabu kilifungwa kwa faida yetu sote wawili.

Nilikuwa najua kizibo kilikuwa na nta. Sikusema. Nilijiambia nitasema kesho.

22 Agosti

Sikusema.

29 Agosti

Leo nimejua.

Alikuja mtu wa kikosi cha daraja, wale wa ng'ambo ya ziwa, kuazima kamba. Alikaa kunywa kahawa, akaanza kusimulia siku ya kura. Wao walitangulia kurudi kuliko wengine, na walipofika kwao walilipua kipande cha baruti kando ya maji kwa ajili ya Norwe. Kimoja tu, alisema, lakini mlima uliitikia vizuri sana. Nilimwuliza saa ngapi. Akasema ilikuwa saa kumi na moja, labda na dakika kidogo.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiwe. Vijiwe vyangu vilikuwa bado pale nilipovimwaga. Tisa. Nane vyangu, kimoja cha furaha yao. Kama angekuwepo mtu wa pili, yeye angeusikia ule mmoja unatoka upande wa ziwa, au angepata hesabu nyingine, au angesema tu, mzee, una hakika? Alikwisha kuniambia tangu Jumamosi.

10 Septemba

Barua yako imefika. Unasema mtoto wa kaka yangu ameitwa jeshini na amepelekwa mpakani, na kwamba nirudi kabla njia hazijafungwa. Hapa pia vijana wameitwa, wawili wa bweni letu. Walikunja blanketi zao bila kututazama. Waswidi tumebaki wawili.

Meza yetu imebadilika. Jina la Torgeir linatajwa kwa sauti ya chini, na kila mara pombe inafuata. Jana mtu alimwonya mwenzake apunguze kunywa, "usije ukafanya kura ya Torgeir". Wakacheka kidogo. Gunvor alikuwa anamwaga uji. Hakumwagia yeyote nje ya bakuli. Nilimtazama nikaona mtu aliyeanza kuamini. Hilo ndilo linalonitafuna. Ndugu yake amekufa mara moja kwa kiburi changu, na sasa anakufa kila siku kwa ukimya wangu, mbele ya sufuria yake.

17 Septemba

Baridi kali. Maji ya kunawia yameganda.

27 Septemba

Amani. Wakubwa wamekaa pamoja kule kwetu Karlstad wakakubaliana. Hakutakuwa na vita. Watu walikumbatiana, hata sisi wawili tulikumbatiwa. Kila mtu atarudi nyumbani mzima, walisema.

Nimefunga mzigo. Naondoka Jumatatu. Hakuna anayenidai neno.

30 Septemba

Nilikwenda jikoni kuaga. Gunvor alikuwa amenifungia mkate mkavu na jibini ya njia. Juu yake aliweka glavu za Torgeir, zile za sufu alizomfuma mwenyewe. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto alikuwa ameifuma upya.

"Huko njiani kuna baridi," alisema. Kisha akageukia sufuria, na mgongo ukiwa kwangu akauliza: "Wewe ulikuwa naye asubuhi ile. Nitakuuliza mara moja tu. Alikuwa amelewa?"

Ningeweza kusema hapana, nikaishia hapo. Lakini hapana peke yake ingekuwa nusu, na nimeshaishi na hiyo nusu kwa mwezi mzima. Nikamwambia yote. Kizibo chenye nta. Ugomvi wa Jumamosi. Jinsi nilivyowasha kwa kiburi. Kipande cha baruti ng'ambo ya ziwa. Mgongo wangu na zamu yake ya kwenda kwa mhunzi. Nikamwambia tangu lini najua.

Alikuwa anakoroga. Aliendelea kukoroga mpaka nikanyamaza, na baada ya hapo tena. Uji uliungua, tukaunusa wote wawili.

"Mwezi mzima umekula kwa mkono wangu," alisema.

Alikwenda kwenye sanduku akatoa karatasi. Ilikuwa mojawapo ya zile mbili zilizobaki, zenye mistari yangu.

"Andika. Na uandike jina lako."

2 Oktoba

Alisubiri wote tuketi kwa kifungua kinywa. Alisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole, akisimama kwenye maneno marefu. Hakuna aliyegusa kijiko. Aliposoma "alikuwa hajanywa hata tone" alirudia mstari ule, kisha akamtazama yule wa "kura ya Torgeir" mpaka akainamisha kichwa.

Nyapara Hallvard alisema kitabu kimeshapelekwa bondeni.

"Basi na hii itapelekwa," alisema Gunvor. "Kwa farasi wa leo."

Ilipelekwa. Hallvard mwenyewe aliikunja.

Nilimwuliza Gunvor kama anataka niondoke. Akasema: "Uliwasha peke yako. Maliza hilo handaki."

Nikafungua mzigo.

15 Oktoba

Theluji imerudi. Hakuna anayetaka kunishikia mtaimbo. Siwalaumu. Naushika kwa mkono mmoja, napiga nyundo ndogo kwa mwingine. Kazi ya siku moja inachukua siku nne. Glavu sikuzivaa. Zipo juu ya kitanda changu.

21 Oktoba

Matundu yalikuwa tayari. Hallvard ameapa kwamba haiwashwi tena bila wahesabuji wawili. Alisimama mlangoni mwa bweni akauliza nani atahesabu na Mswidi. Watu walitazama sahani.

Gunvor alitoka jikoni, anajifuta unga. Alitembea mbele yangu kwenye theluji hadi kwenye jiwe, akaokota vijiwe akavitia mfuko wa aproni. Nilianza kusema kitu. Akanikatiza.

"Sijakusamehe. Nimekuja kwa sababu hesabu yako peke yako nimeshaiona."

Milio mitano. Aliuliza ngapi. Nikasema tano. Alimwaga vyake, akamwaga vyangu, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole kama alivyosoma ile karatasi. Kisha akarudi kwenye mikate yake.

4 Novemba

Sita na sita. Hakuna neno.

13 Novemba

Wamepiga kura tena, safari hii kuhusu mfalme mpya. Sikuwasha jana wala leo. Hakuna aliyewasha.

25 Novemba

Leo mfalme wao anashuka melini kule Kristiania, na kila bonde limepanga kufyatua kitu. Nasi tulikuwa na matundu saba, ya mwisho. Upande wa pili wa mwamba nilikuwa ninasikia nyundo za wenzetu wanaochimba kutoka kule, tangu juzi.

Asubuhi Gunvor alivuka ziwa juu ya barafu, peke yake, hadi kwa watu wa daraja. Aliwaambia hawatalipua chochote mpaka waone nguo nyeupe juu ya mlingoti wa kuanikia. Walimjibu kwamba mfalme hawezi kungoja nguo. Akawaambia mfalme huyo hawamjui, lakini yeye wanamjua.

Niliwasha saa sita. Tulikaa nyuma ya jiwe, bega kwa bega kwa sababu ya upepo. Mlio wa kwanza. Wa pili na wa tatu ilifuatana karibu, nikaona mkono wake umetulia mfukoni, unangoja kuwa na hakika. Wa nne. Wa tano. Kimya kirefu. Wa sita. Wa saba.

"Ngapi?"

"Saba."

Alimwaga. Saba na saba. Moshi ulipopungua, haukuturudia usoni kama siku zote. Ulikwenda mbele, ukavutwa na upepo wa upande mwingine, na nyuma yake kukawa na duara dogo la mwanga.

Gunvor alisimama muda mrefu akilitazama. Nilitoa glavu kifuani, maana leo nilikuwa nimezibeba, nikampa. Alizichukua. Kisha akaenda kwenye mlingoti wa kuanikia nguo akafunga aproni yake, ile ile, imefuliwa mpaka doa limebaki kama kivuli.

Kutoka ng'ambo ya ziwa ukaja mlio mmoja, mlima ukauitikia. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Wake pia niliuona unakwenda.

"Huo si wetu," alisema Gunvor, akaingia ndani kupika.